Dawa za Mimea Ghalani Zitumike kwa Kipimo

Mavuno hayastahili kuitwa mavuno mpaka yafike mezani. Mkulima aweza kulima kwa bidii, akapalilia na kuvuna kwa wakati wake, kisha jasho lake likaliwa gizani na wadudu wasiozidi ukubwa wa punje ya mchele. Jambo hili si la mkulima peke yake. Mahindi na unga ulio katika ghala za shule nyingi ni michango ya wazazi, na kila gunia linaloharibika ni chakula cha mchana kilichoondolewa mbele ya mtoto.

Wadudu hao hawafanyi kazi moja. Fukusi hutoboa punje nzima na kutaga ndani yake. Dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ambaye alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, huyageuza mahindi kuwa vumbi. Nyuma yao hufuata mbawakawa mwekundu wa unga, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4. Huyu hana nguvu ya kutoboa punje nzima iliyokauka vyema. Makao yake ni unga, chenga na vumbi lililoachwa na wenzake. Jike mmoja hutaga mayai kwa mamia, na penye joto kizazi kipya hukomaa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Wakizidi, hutoa sumu inayoutia unga harufu mbaya.

Dawa za viwandani zimefanya kazi kubwa, wala haifai kuzibeza. Dumuzi alipoenea, ilibidi dawa mbili zichanganywe, moja ya kumuua fukusi na nyingine, permethrini, ya kumuua dumuzi. Lakini mbawakawa wa unga amekwisha kuzoea dawa nyingi katika nchi mbalimbali, ikiwamo malathioni na hata gesi ya fosfini. Ndiyo sababu macho ya watu yanarudi kwenye mimea.

Yafaa ikumbukwe kwamba permethrini yenyewe, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1973, ni mwigo wa sumu iliyomo katika ua la pareto. Ua hilo hulimwa katika nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya, na sehemu kubwa ya dondoo lake huuzwa nchi za nje. Sumu ya pareto hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu upesi, nayo huvunjika haraka inapopigwa na jua. Muarobaini una njia nyingine: mbegu zake zina azadiraktini, ambayo humzuia mdudu kula na kujivua gamba, akafa bila kukomaa. Utupa nao hutumiwa na baadhi ya wakulima kuhifadhi maharage.

Hata hivyo, wako wanaodhani kwamba kitu kikitoka mtini hakiwezi kumdhuru mtu. Fikra hiyo ni ya hatari. Utupa ndio ule ule uliotumiwa kuvulia samaki kwa kuwalevya mtoni, na mafuta ya muarobaini yamepata kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa. Sumu ni sumu, iwe imetoka kiwandani au kichakani.

Kwa hiyo hapana budi kutofautisha nafaka na unga. Nafaka iliyotiwa dawa kwa kipimo hupepetwa na kuoshwa kabla ya kusagwa. Unga hauoshwi; kinachotiwa ndani yake huingia tumboni. Dawa yoyote, ya mmea au ya kiwanda, isichanganywe na unga. Pahali pa dawa ni kwenye nyufa za kuta na sakafu, kabla magunia hayajaingizwa. Unga wenyewe hulindwa kwa njia nyingine: kusaga kiasi cha wiki chache tu, kuuweka katika vyombo vinavyofungika, kutochanganya unga mpya na mabaki ya zamani, na kukung'uta magunia yote yanayorudi ghalani.

Wajibu huu una wenyewe. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo yenye kazi ya kusimamia dawa hizi. Yapasa dawa za mimea zipimwe kwa makini yale yale ya dawa za viwandani, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi: gramu ngapi kwa gunia, kwa miezi mingapi, na baada ya siku ngapi chakula chaweza kuliwa. Bila vipimo hivyo, bwana shamba atabaki kusema "tia kiasi", na kiasi cha mmoja si kiasi cha mwingine. Walimu wa sayansi nao wana somo lililo tayari ghalani mwao: wanafunzi waweza kumfuata mbawakawa kutoka yai hadi ukubwani na kujifunza kwa nini ufagio hutangulia dawa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ghalani, ufa wa sakafu ndipo mbawakawa anapongojea unga mpya.