Nani alisema mkimbizi hatembei?

Kijana wa Makobola anayeishi Bujumbura akituma picha amesimama Saga, maji ya Tanganyika nyuma yake na chupa ya Fanta mkononi, jibu la nyumbani humfikia kabla jua halijazama: "Kumbe pesa iko!" Shangazi anakumbusha karo, mjomba anakumbusha mabati. Kuanzia Uvira hadi Fizi, mwambao wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, imeenea imani kwamba mtu aliyekwenda ugenini kwa sababu ya vita au kutafuta maisha hana ruhusa ya kutembea. Afanye kazi, asali, alale, atume pesa.

Imani hiyo ni mbaya, na inawaumiza vijana.

Kwanza inajipinga yenyewe. Kule Kampala, picha iliyopigwa Namugongo siku ya Mashahidi, Juni 3, humletea mtu baraka za ukoo mzima. Picha ya bustani za hekalu la Wabahai kule Kikaaya, lililofunguliwa mwaka 1961 na ambako mgeni hadaiwi kiingilio, humletea lawama. Safari zote mbili ni za nauli ya taxi tu. Basi kinachohukumiwa si matumizi. Ni furaha ya msafiri.

Watu wa mwambao huu ndio wangekuwa wa mwisho kuhubiri kujifungia. Vita vya miaka ya tisini, na mauaji ya Makobola yaliyoanza Desemba 30, 1998, viliwavusha maelfu ziwa hadi Kigoma. Wengi wamezeekea Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kambini. Wapo waliozaliwa humo, wakasoma humo, wakaoa humo. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inatambua haki ya mkimbizi kutembea huru nchini. Aliyepata haki hiyo, kisha ndugu zake wakamtia hofu ya kuitumia, amerudishwa kambini na watu wa damu yake.

Husemwa pia kwamba anayecheka ufukweni amewasahau waliozikwa. Huo ni uonevu. Aliyepoteza wazazi Makobola hadaiwi ushahidi wa huzuni yake, wala hatakiwi kuutoa kwa kushinda chumbani Jumapili nzima, simu mkononi, akisubiri habari mbaya. Tena kukaa ndani kunamkosesha mengi. Kirundi cha kumwezesha kuuza na kununua atakisikia njiani, kituoni na kwa jirani aliyemsindikiza. Mtu anayejua chumba chake na kanisa lake tu, habari ya kazi humfikia ikiwa imeshachukuliwa na wengine.

Na kuna vya kuona ambavyo ni vya kwao hasa. Bujumbura, mji mkuu wa Burundi hadi serikali ilipoipa Gitega nafasi hiyo mwishoni mwa 2018, una jiwe kubwa upande wa kusini, kama kilomita 12 kutoka mjini, mahali paitwapo Mugere. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe: Novemba 25, 1871. Wawili hao walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakipigiwa makasia na watu wengine, ili kumaliza ubishi wa wanajiografia wa Ulaya: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Wakakuta unaingia. Mtoto wa Uvira amekua akiuona mto huo ukimwaga tope ziwani. Akisimama mbele ya jiwe lile anagundua kwamba jambo alilolijua tangu utoto liliwahi kuwasumbua mabingwa wa London. Atajuaje hayo ikiwa kila safari ya Mugere inahesabiwa kuwa wizi wa karo?

Wapo, ni kweli, wanaokopa ili wanywe bia ufukweni huku mama yao akikosa dawa. Hao waambiwe wazi. Lakini kosa lao lisibebeshwe binti anayefua nguo za watu wiki nzima, kisha Jumamosi akataka kuona mji anaoishi.

Vyama vya watu wa Uvira na Fizi walioko ugenini huchangisha pesa za misiba na harusi. Viongozi wao watenge kiasi kidogo cha nauli kwa vijana waliofika karibuni, na mzee mmoja anayejua njia awaongoze hadi Kikaaya au Mugere na kurudi. Picha zikifika Makobola, wazazi waulize kwanza vijana wao wameona nini huko.