Kinga Isiyosubiri Kurudi Ofisini

Hoja iliyochapishwa, kwamba kompyuta mpakato za kampuni zinazotumika nje ya ofisi zipokee masasisho ya programu ya kukinga virusi pale tu zinaporudi kwenye mtandao wa ndani, inategemea tukio la kweli: tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na mafundi wakalazimika kuzirekebisha nyingi moja baada ya nyingine. Hitimisho lake, hata hivyo, ni la hatari, kwa sababu linainyima kinga mpya kompyuta ile ile inayounganishwa na intaneti ya hotelini na ambayo huenda ikakaa majuma kadhaa bila kufika ofisini.

Kosa la siku ile lilizidishwa na namna ya usambazaji: faili lilitumwa kwa mkupuo mmoja, pasipo usambazaji wa awamu, yaani utaratibu wa kulijaribu sasisho kwenye kompyuta chache kabla ya kulipeleka kwa nyingine. Dawa ni awamu hizo, pamoja na kuhifadhi funguo za diski zilizosimbwa, ambazo fundi alizihitaji ili kuifufua kompyuta iliyo mbali. Ucheleweshaji nao una gharama yake: mwaka 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa mwezi Mei, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa kiraka, yaani sasisho la kuziba pengo la usalama, tangu Machi. Seva ya usimamizi inayofikika kupitia intaneti humwonyesha msimamizi kompyuta iliyobaki nyuma popote ilipo. Pendekezo linalojibiwa hapa humwacha gizani hadi mfanyakazi arudi.