Dau Halina Akili

Nimechoka na wauza mbinu za dau. Nasema kwa wingi kwa sababu ni wengi: yupo anayetuma faili la kurasa nane kwenye kundi la WhatsApp kwa 10,000, yupo anayejirekodi akiwa na mnara wa sarafu za plastiki mbele yake, na yupo jamaa wa bwenini aliyetazama filamu ya 21 ya mwaka 2008 na tangu siku hiyo anaongea kama mtu aliyehitimu MIT. Wote wana hubiri moja: kwenye meza ya karata ya kasino, mjinga anabahatisha, mwerevu anapanga dau. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, na kila muhula nasimamia mazoezi ya uwezekano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakuna namna ya kupanga dau ikazaa faida pale ambapo mchezo wenyewe hauna faida. Anayekuambia ipo, ama hajui kuzidisha, ama anajua kuzidisha vizuri sana na wewe ndiye mteja.

Ubaya wao ni kwamba wanaanza na jambo la kweli. Chukua mchezo wa ishirini na moja, ule unaoitwa blekijeki. Unapewa karata mbili, mgawaji anajipa mbili na moja anaionyesha. Unaweza kuomba nyingine au kusimama. Ree inahesabiwa 1 au 11 kadiri inavyokufaa, na zenye picha zote ni 10. (Wazee wa pwani waliziita wazungu zile zenye picha, na sijaona jina bora kwa karata inayoketi mezani ikiwa na thamani ya kumi bila kutoa maelezo.) Ukizidi 21 umeungua. Mgawaji hana uhuru wowote: akiwa na 16 lazima aombe, akifika 17 asimame.

Hapo watu hujiuliza kasino inapata wapi faida, maana sheria zinaonekana zimemfunga mikono mgawaji na kukuachia wewe hiari yote. Inaipata kwenye zamu. Wewe unacheza kwanza. Ukiungua, dau lako linachukuliwa papo hapo, na hata mgawaji naye akiungua dakika moja baadaye, chako hakirudi. Ndiyo maana mtu anayemuiga mgawaji, yaani anaomba mpaka afike 17, anapoteza zaidi ya asilimia 5 ya kila anachoweka.

Sasa, kuna njia ya kupunguza hasara hiyo, na imepatikana kihalali. Mwaka 1956 Roger Baldwin na wenzake watatu, askari wa jeshi la Marekani waliokuwa kambini Aberdeen, Maryland, walichapisha makala katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani. Walikuwa wamekokotoa kwa mashine za hesabu za mezani, siyo kompyuta, uamuzi bora kwa kila hali. Baadaye kompyuta zilirekebisha vitu vidogo tu. Ukiwa na 13 mpaka 16 na mgawaji anaonyesha 2 mpaka 6, simama. Acha aungue yeye, kwa sababu akiwa na 6 huungua takribani mara 42 katika 100. Akionyesha 7 au zaidi, omba, hata kama mkono unatetemeka. Ree mbili zitenganishe, nane mbili zitenganishe, kumi mbili usiziguse. Ukiwa na 11, mara nyingi zidisha dau mara mbili. Ukiwa na 16 mbele ya 10 utapoteza takribani mara tatu katika nne ukifanya lolote. Kuomba kunapunguza maumivu kwa kiasi ambacho hata jicho halikioni.

Mtu akifuata jedwali hilo bila kukosea, kwenye meza yenye sheria nzuri, hasara yake inashuka hadi karibu nusu ya asilimia. Katika kila 10,000 anayoweka, kasino inabaki na shilingi 50 kwa wastani. Ni kazi nzuri ya hesabu, na naiheshimu. Lakini tazama imefanya nini: imepunguza hasara. Haijaigeuza kuwa faida. Na yote imefanyika kwenye uamuzi wa karata, siyo kwenye ukubwa wa dau. Muuza mbinu anachukua heshima ya jedwali lile, anaivalisha kitu kingine kabisa, na kukiita kwa jina hilohilo.

Kitu hicho kingine, tisa katika kumi, ni kudabo. Weka 5,000, ukipoteza weka 10,000, ukipoteza weka 20,000, na kuendelea. Siku ukishinda unarudisha yote na 5,000 juu. Inaonekana haina tundu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anaendesha pikipiki ya mkataba. Anayeijua biashara hiyo anajua: unampelekea mwenye chombo hela kila wiki mpaka deni liishe, na siku linapoisha pikipiki ni yako. Yeye alinunua faili la kudabo na kuanza kucheza kwa simu, ishirini na moja, meza yenye kikomo cha 500,000. Kila jioni alishinda mara tano, akapata 25,000, akafunga simu akalala. Nidhamu ya ajabu, na naitaja kwa sababu watu hupenda kusema waliopoteza ni walafi. Siku kumi na moja alikusanya 275,000. Siku ya kumi na mbili alipoteza mara saba mfululizo: 5,000, 10,000, 20,000, 40,000, 80,000, 160,000, 320,000. Jumla 635,000. Dau la nane lilitakiwa liwe 640,000, na hata angekuwa nalo, kikomo cha meza kisingemruhusu. Ile 275,000 ya ushindi ilikwenda, na 360,000 ya mkataba ikaifuata. Mwenye pikipiki aliichukua ikiwa imebaki miezi minne.

Aliponipigia hakulia. Alisema, "Dada, mbinu haikuwa na kosa. Mtaji ndio ulikuwa mdogo." Sentensi hiyo siyo yake. Imo kwenye faili, ukurasa wa saba, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Basi tuipime. Chukua sarafu ya haki kabisa, isiyompendelea mtu. Kupoteza mara saba mfululizo hutokea mara moja katika mizunguko 128. Katika ile 127 mingine unapata 5,000 kila mmoja, ambayo ni 635,000. Na ule mmoja unakula 635,000. Sifuri, mpaka shilingi ya mwisho. Ongeza mtaji ufike hatua ya nane: ushindi 255 wa 5,000 ni 1,275,000, na pigo moja ni 1,275,000. Ongeza tena, utapata sifuri kubwa zaidi. Mtaji haubadilishi hesabu, unaahirisha tu siku na kukuza kishindo. Na hiyo ni sarafu ya haki. Kwenye meza ya kasino kila dau lina kipande kilichokwisha kukatwa, kwa hiyo unaanzia chini ya sifuri na kudabo kunakufanya uweke fedha nyingi zaidi chini ya kisu kilekile.

Wanaotaka kuonekana wasomi hunitajia Kelly. Sawa, tumtaje. John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, mwaka 1956 huohuo alitoa kanuni ya kiasi gani cha mtaji uweke ili ukue haraka kuliko njia nyingine yoyote. Ndiyo kanuni ya dau ninayoiheshimu, na inafundishwa mpaka leo. Inataka kwanza uiambie faida yako ni asilimia ngapi. Ukiiambia faida ni hasi, inakujibu: weka sifuri. Hakuna ukurasa wa saba.

Halafu kuna waliosikia habari za kuhesabu karata. Edward Thorp, mwalimu wa hesabu, alionyesha kwa kompyuta ya IBM 704 kwamba zikibaki karata nyingi za kumi na ree, faida huhamia kwa mchezaji. Kitabu chake Beat the Dealer kilitoka mwaka 1962. Ni kweli, na ndiyo maana mwaka 1964 kasino za Las Vegas zilibadilisha sheria kwa hofu, wachezaji wakasusa, zikarudisha za zamani baada ya majuma machache. Lakini faida yenyewe ni kama asilimia moja, inadai mtaji mnene na saa nyingi, na huko Nevada kasino ina haki ya kukuonyesha mlango ikikutambua. New Jersey hawawezi, tangu Ken Uston aliposhinda kesi mwaka 1982. Huko wanachanganya karata mapema zaidi. Na kwenye mchezo wa programu unaochanganya karata upya kila mkono, hakuna cha kuhesabu. Jamaa wa bwenini anahesabu karata za simu. Namwacha aendelee, kwa sababu angalau anaweka mia tano tano.

Kinachoniudhi zaidi ya hao wote ni jinsi meza zenyewe zinavyobadilishwa watu wakiwa wanabishana kuhusu mbinu. Zamani ishirini na moja ya karata mbili, yaani ree na ya kumi, ililipwa tatu kwa mbili: 10,000 inaleta 15,000. Siku hizi meza nyingi, Las Vegas kwa wingi, hulipa sita kwa tano: 10,000 inaleta 12,000. Sita na tano ni namba kubwa kuliko tatu na mbili, na naamini kabisa kuna watu wameajiriwa kwa sababu wanajua hivyo vinavyosikika. Mkono huo huja karibu mara moja katika 21. Hasara ya shilingi 50 kwa kila 10,000 inapanda kufikia karibu 190. Kwa mikono 60 kwa saa, ya 10,000 kila mmoja, mchezaji stadi aliyekuwa anapoteza wastani wa 3,000 kwa saa sasa anapoteza zaidi ya 11,000. Sehemu ya kazi ya wale askari wanne imefutwa na maandishi ya mstari mmoja.

Au chukua "bima". Mgawaji akionyesha ree unaulizwa kwa upole kama ungependa bima. Kwa neno hilo mtu mzima mwenye kadi ya afya mfukoni anajisikia mwenye busara. Hailindi chochote, ni dau jingine, kwamba karata iliyofichwa ni ya kumi. Linalipa mbili kwa moja, wakati kwa pakiti sita nafasi yake haifiki hata 31 katika 100. Katika kila 10,000, 740 imekwenda. Na bakara, mchezo wa kuotea upande wa benki au wa mchezaji: benki hukula 106 katika kila 10,000, mchezaji 124, lakini sare, inayong'aa katikati kwa malipo ya nane kwa moja, hukula zaidi ya 1,400. Kasino huwapa wachezaji wa bakara karatasi na kalamu waandike matokeo yaliyopita. Jiulize ni duka gani linakupa silaha ya kulifilisi, bure, pamoja na juisi.

Wakubwa zetu nao wana sehemu yao. Msikitini na kanisani tumeambiwa kamari ni haramu, ni dhambi, na sina ugomvi na hilo. Nina ugomvi na kuishia hapo. Mdogo wangu alijua ni dhambi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia 127 mara 5,000 ni ngapi. Na sisi wa vyuoni tunafundisha uwezekano kwa mipira myekundu na myeupe ndani ya mtungi, muhula baada ya muhula, kana kwamba kuna mtu Mbagala amewahi kupoteza pikipiki kwa sababu ya mtungi. Nilipopendekeza mfano wa kudabo kwenye zoezi la tatu, niliambiwa tutaonekana tunahamasisha. Muuza faili hana hofu hiyo.

Ninachokitaka hakihitaji bunge jipya. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na tuna Bodi inayosimamia leseni. Mwenye duka la mchele Kariakoo haruhusiwi kupima kwa mzani ambao Wakala wa Vipimo haujaukagua na kuugonga muhuri, na hakuna anayesema muhuri huo unahamasisha ulaji wa wali. Kila meza ya karata na kila skrini ya simu iandikwe, kwa Kiswahili, kwa shilingi: katika kila 10,000 unayoweka hapa, kwa wastani tunabaki na kiasi hiki ukicheza vizuri, na kiasi hiki kwenye dau hili la pembeni. Wataniambia mteja hasomi. Mteja huyohuyo anasoma makato ya pesa ya simu mpaka shilingi kumi na kugombana na wakala. Wataniambia tena kitambaa cha meza hakina nafasi. Nimekitazama. Katikati pameandikwa kwa Kiingereza, kwa upinde mkubwa wa herufi za dhahabu, kwamba bima hulipa mbili kwa moja. Futa hapo.