MAKTABA SI YA WATOTO WA MTIHANI PEKE YAO



Likizo ya Agosti inakaribia, na wote tunajua maktaba za umma zitakavyokuwa. Zitajaa wanafunzi, kila kiti na kila meza, na atakayechelewa atasoma amesimama. Sisi hatuna ugomvi na watoto hao. Ni watoto wetu, na karo yao inatoka katika mshahara wetu. Lakini tunauliza swali moja ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa: mzazi wa mtoto huyo, yule anayekata miwa huko Kabras au anayefagia soko hapa Kakamega mjini, maktaba inamwekea nini?

Huko Marekani, majira ya joto yakifika, maktaba za umma hutangaza mipango yao. Watoto wana yao, na watu wazima wana yao: jioni ya kusoma pamoja, mafunzo ya bure, na orodha ya vitabu vipya vilivyonunuliwa kwa ajili ya mtu mzima anayerudi kutoka kazini. Sisi hatuna majira hayo, tuna mvua ya alasiri. Lakini Agosti tunayo, na mtu mzima tunaye.

Bwana mmoja mwenye cheo alituambia katika mkutano kwamba watu wazima hawasomi, wanataka mpira na siasa tu. Watu walicheka, naye akaketi kama mtu aliyeshinda. Bwana huyo hajapita kwa muuza magazeti asubuhi. Angeona watu kumi wameinama juu ya kurasa za mbele, na wengine wanatoa shilingi chache wakodishe gazeti kwa nusu saa kisha walirudishe, maana bei ya kulinunua ni bei ya chakula cha mchana. Mtu anayekodi gazeti ni mtu asiyetaka kusoma? Ni mtu aliyekosa pa kusomea.

Sasa sikilizeni habari hii, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nilifanya kazi na mzee mmoja katika kampuni ambayo sitaitaja. Siku moja mashine ilimkata vidole viwili. Nyapara akamfunga kitambaa, akampeleka zahanati, akampa siku za kupumzika na pole nyingi. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Mzee alishukuru, maana alidhani nyapara amemfanyia wema. Alipofika ofisi ya chama kuuliza kama kuna fidia, ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi mitatu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inasema dai lipelekwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali, na likichelewa halisikilizwi isipokuwa ajali ile iliripotiwa kama sheria inavyotaka. Yake haikuripotiwa. Mzee alikunja mkono ule ndani ya koti akaniuliza, "Kijana, hayo yameandikwa wapi?" Nikamjibu kwamba yameandikwa katika kitabu cha sheria. Akauliza, "Kitabu hicho kinakaa wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

Mwingine atasema, siku hizi kuna simu, kila kitu kimo humo. Ni kweli sheria za Kenya zimo kwenye intaneti na kuzisoma ni bure. Lakini zimeandikwa Kiingereza cha mawakili, na hicho hata aliyemaliza kidato cha nne kinamshinda, sembuse kukisoma kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja huku bando linakwisha. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba yenyewe imetafsiriwa. Basi tunataka maelezo ya sheria za kazi kwa Kiswahili chepesi, yawe mezani, na mtu wa kuyaeleza awepo jioni moja kwa juma.

Yapo mengi ya kueleza. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanya kazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, lazima mwajiri ahakikishe ameelezwa mkataba ule kwa lugha anayoielewa. Ni wangapi kati yenu mlielezwa? Wengi wetu tulionyeshwa mahali pa kutia sahihi au dole gumba, basi. Sheria hiyo hiyo inatoa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka pamoja na mshahara. Inasema pia kwamba mtu akipunguzwa kazini, alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini, na chama chake kipewe notisi ya mwezi mmoja kabla. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliwekwa chini ya meneja mrasimu Septemba 2019. Siku zile watu katika kaunti hii walikuwa wakiulizana njiani, wana haki gani na waanzie wapi. Hiyo ndiyo siku ambayo mji unahitaji maktaba, na mtu hawezi kuanza kusoma sheria siku ile ile anapofungiwa lango.

Tusisahau pia kwamba kumnyima mfanya kazi kitabu ni desturi ya zamani. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, ikawa ya Wazungu pekee kwa zaidi ya miaka 25. Miaka hiyo ya mwanzo wa 1930 dhahabu ilikuwa imegunduliwa huku kwetu Kakamega, na Waafrika walichimba mashimo kwa mshahara mdogo. Mwishoni mwa 1932 Serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi ya Waafrika, ili mashamba yachukuliwe kwa ajili ya machimbo bila kuuliza kwanza Baraza la Wenyeji. Wenye mashamba waliisikia habari ikiwa imekwisha kupita. Anayeandika sheria huwa hana haraka ya kuona wengine wanaisoma.

Baadaye mambo yalisogea. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, nayo ikatoa vitabu vya lugha zetu na kupeleka masanduku ya vitabu mpaka vijijini, na watu wazima walivisoma. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Maktaba ya Taifa. Katika sheria ile hakuna neno la kusema maktaba ni chumba cha kukariria mtihani. Ni sisi tumeiacha ikawa hivyo.

Wala haki peke yake haitoshi, kwa sababu mtu hasomi sheria usiku na mchana. Tunataka na vitabu vya kuburudisha. Shafi Adam Shafi aliandika riwaya ya Kuli kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Ni kitabu cha wafanya kazi kuliko vyote ninavyovijua, lakini wengi wetu tukikisikia tunafikiri ni kitabu cha shule. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na ndipo mwaka 2022 kitabu kile kikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Miaka 28! Sasa kipo, je, nacho kikae miaka mingine 28 kabla dereva wa boda boda wa Lurambi hajakishika? Kukinunua kuna taabu yake, maana Sheria ya VAT ya 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Sheria iliyofanya kitabu kuwa ghali ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuwa na maktaba yenye vitabu.

Wataleta ule wimbo kwamba hakuna fedha. Tunachotaka si jumba. Tunataka meza moja ya watu wazima ambayo wanafunzi hawataikalia, mlango uwe wazi jioni mbili kwa juma baada ya saa za kazi, na rafu moja ya vitabu vipya vya Kiswahili. Maktaba ikifunga saa ile ile mfanya kazi anapotoka kazini, hiyo ni maktaba ya nani? Wala hatusemi watumishi wa maktaba wakeshe bure. Hao ni wafanya kazi wenzetu, na saa za ziada zilipwe kwa ukamilifu. Atakayejaribu kututimizia ombi letu kwa jasho lao atatukuta upande wao.

Wa kuombwa anajulikana. Jedwali la Nne la Katiba limeweka maktaba katika kazi za kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti sharti ufikishwe Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kabla ya 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mkiona tangazo la mkutano wa maoni msiwaachie makontrakta wa barabara viti vyote. Huwa wanafika mapema.

Na sisi wa chama tusijione watakatifu. Ofisi ya tawi letu ina kalenda nne ukutani, picha za viongozi, na kikombe cha mpira. Kitabu cha sheria ya kazi kilichokuwapo kilikwenda na katibu mmoja miaka iliyopita, hakikurudi. Tumedai mshahara, tumedai buti na glavu, na tumefanya vyema. Lakini sijasikia hata mara moja tawi likidai kitabu.

Basi karani wa tawi amefungua daftari. Kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, kila mwanachama aje aandike kitabu anachotaka kiwe maktabani, na saa ambayo yeye anaweza kufika huko. Akina mama wanaofanya kazi majumbani na mahotelini waje pia, maana saa zao si saa zetu na bila wao tutaomba saa zisizowafaa. Asiyejua kuandika aje aseme, karani ataandika. Daftari hilo litapelekwa kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na nakala itabaki ofisini.