Injini ikinyamaza haijapona

Leo siandiki kuhusu PHP wala hifadhidata. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inanuka oili iliyoungua.

Kisa ni hiki. Nilinunua Toyota Probox, kama wafanyavyo wengi hapa Kisii wakipata mkopo wa sacco, nikampa dereva aipeleke barabara ya Kisii–Keroka. Makubaliano yetu yalikuwa yale ya kila mtu: jioni analeta hesabu, petroli juu yake, matengenezo juu yangu. Baada ya miezi minne akanipigia simu: "Bosi, gari linagonga." Fundi akasikiliza nusu dakika, akasema, "Weka oili nzito, itanyamaza."

Tukaweka. Ikanyamaza kweli. Wiki mbili baadaye, mlimani, konrodi ilikatika ikatoboa ukuta wa injini. Abiria wakashuka na mikungu yao ya ndizi, wakasimamisha Probox nyingine. Dereva akabaki bila kazi. Mimi nikabaki na mkopo.

Kazini kwetu, mtu akifuta logi za makosa ili mkubwa asione seva inakufa, anafukuzwa. Gereji, kazi hiyohiyo tunailipia na kusema asante.

Sasa tuelewane jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana wengi tunabishana bila kujua. Konrodi imeshika kranki kupitia beringi mbili za nusu duara. Injini ikiwa nzima na inazunguka, chuma cha kranki hakigusi beringi. Kinaelea juu ya oili inayosukumwa na pampu. Nafasi iliyopo kwenye injini ndogo kama hizi ni kama milimita 0.02 hadi 0.05, nyembamba kuliko unywele wako. Beringi imetengenezwa laini makusudi: uchafu ukiingia, au oili ikikosekana kidogo, iumie yenyewe na kranki ibaki salama. Ni kama fyuzi. Ikilika, nafasi inapanuka, oili inavuja pembeni, presha inashuka, na chuma kinaanza kupiga chuma. Huo ndio mgongo unaousikia.

Oili nzito inaziba sauti kwa sababu inajaza ile nafasi iliyopanuka. Haiongezi hata chembe ya chuma pale kilipolika. Tena asubuhi ya baridi ya Nyamira, oili ya 20W-50 ndani ya injini iliyoundiwa 5W-30 inachelewa kufika juu, na dakika za kuwasha gari ndizo beringi inazoumia sana.

Halafu kuna ile taa nyekundu. Nimesikia madereva kumi wakisema, "Taa haijawaka, oili iko." Taa hiyo haipimi kiasi cha oili! Inapima presha, na inawaka presha ikiwa karibu kuisha kabisa. Probox inabeba chini ya lita nne za oili. Ikipungua lita moja na nusu, kwenye tambarare hutaona kitu. Lakini sisi hatuna tambarare. Ingia kona za kuelekea Keroka ukiwa umebeba watu tisa kwenye gari la viti vitano, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa, beringi inakauka kwa sekunde mbili. Kona inayofuata, tena. Ongeza tabia ya kupanda mlima kwa gia kubwa injini ikilia "ng'uu ng'uu" eti unaokoa petroli: mzigo ni mkubwa, mzunguko ni wa polepole, na utando wa oili unakuwa mwembamba kupita kiasi.

Mtasema kosa ni la dereva. Nakataa. Kosa ni letu wenye magari, na nitaanza na mimi.

Angalia yale makubaliano tena. Dereva akisimamisha gari kwa sababu ya sauti, hesabu ya siku inampotea yeye. Akinunua lita moja ya oili, ametoa mfukoni mwake kulinda mali yangu. Mimi naona pesa ya jioni tu. Tumeandika programu ambayo njia pekee ya dereva kupata riziki ni kunyamaza, kisha tunashangaa anaponyamaza. Na tunasema "service kila miezi mitatu" kama tunaongelea gari la mwalimu linalokwenda kanisani. Gari linalopiga kilomita 250 kwa siku linamaliza 5,000 kwa siku 20!

Basi nadai hivi, na gharama zote ni juu ya mwenye gari:

1. Dipstiki kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kipimo kiandikwe kwenye daftari.
2. Lita moja ya oili sahihi ikae ndani ya gari siku zote.
3. Oili na filta kila kilomita 5,000 kwa odomita. Siku hiyo hakuna hesabu.
4. Dereva anayeripoti mgongo asikatwe. Alipwe siku yake.

Na ikishagonga? Zima. Usisukume hadi mjini. Ili kujua ni silinda ipi, chomoa waya wa koili moja moja kwa sekunde chache. Mgongo ukipungua, umempata mgonjwa. Shusha sampu, kata filta, tafuta vumbi linalong'aa. Fungua beringi. Kama kranki haijachubuka na vipimo viko sawa, weka beringi mpya za namba yake. Kama kucha inanasa kwenye mikwaruzo, kranki ipelekwe kusagwa kwa mashine, kisha ivalishwe beringi nene zaidi za 0.25 au 0.50. Nafasi ipimwe kwa ule uzi laini wa Plastigage, na bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo kisha zizungushwe nyuzi 90. "Kwa mkono nimezoea" si kipimo.

Fundi akianza kusaga kifuniko cha konrodi kwa tupa, au kuweka karatasi ya sigara nyuma ya beringi ili ibane, chukua gari lako. Tundu linakuwa yai na karatasi inazuia joto kutoka. Utarudi.

Najua jibu lenu: "Nunua injini ya Japani pale Kirinyaga Road, mambo yaishe." Sawa. Lakini injini hiyo nayo hujui ililishwa nini huko ilikotoka, na ukiipa dereva yuleyule kwa makubaliano yaleyale, umeweka programu ileile kwenye mashine mpya. Hitilafu itakufuata.

Yule dereva wangu aliniambia mapema. Alisema gari linagonga, nikalipa mtu alinyamazishe. Siku hizi anaendesha gari la mwingine, na nikikutana naye stendi ya Kisii ananisalimia vizuri tu. Mimi ndiye ninayeangalia chini.

Anayetaka kutetea oili nzito, karibu. Aje na kipimo.