Supacharja Eldoret: RPM ngapi kabla injini ikufe?

Msee, kama ndai yako ni injini ya kiwanda na umeifungia supacharja, skiza. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20. Ndiyo maana mbogi inapandisha kikomo cha RPM, eti nguvu irudi. Hapo ndipo injini hulipuka.

Nguvu inayovuta konrodi hupanda kwa mraba wa RPM. Toka 6,500 hadi 7,000, umeiongezea mzigo asilimia 16.

Halafu supacharja huzungushwa na mkanda, nayo ina mwisho wake. Tuseme ni 14,000: puli ya 2 kwa 1 inakuachia RPM 7,000. Weka puli ndogo ya 2.3 kwa 1, unabaki na kama 6,000.

So chukua kikomo cha kiwanda na cha supacharja, fuata kile cha chini. Na kabla ushuke Mombasa, mwambie fundi apange petroli upya. Huko hewa ni nzito. Petroli ikipungua, pistoni inatoboka. Ganji ya injini ingine utatoa wapi?