Nyama ya soko: tuioshe ao tuipike?



Katika mkutano wa kikundi chetu, mama mmoja kijana alileta ulizo lililotushika karibu saa nzima. Mama mkwe wake alimkuta akitia nyama ndani ya chungu bila kuiosha. Mzee hakusema neno, lakini siku ile hakugusa chakula. "Kwenye kituo cha afya walitufundisha tusioshe nyama," mama kijana alisema, "na nyumbani naonekana mchafu. Nimsikilize nani?"

Mama mkwe ana sababu zake. Kule Kadutu ao Virunga, nyama inakaa juu ya meza ya mbao toka asubuhi. Nzi wanatua, vumbi la njia linaingia, na shoka la muuza nyama linaacha vipande vya mfupa. Mama anayeona hayo, mkono wake unakimbilia maji.

Lakini tuangalie kazi ambayo maji yanafanya. Maji yanaondoa mchanga na vipande vya mfupa. Hayaui vijidudu. Vile vinavyoleta kuhara na homa, kama salmonela, vinashikamana na nyama, zaidi sana na ngozi ya kuku. Ukiosha kwa nguvu, vinaruka pamoja na matone: kwenye meza, kwenye nguo yako, kwenye nyanya zilizo karibu. Nyama itapita kwenye moto. Nyanya, avoka na sahani ya mtoto hazitapita. Ndiyo maana kule Uingereza, mwaka 2014, wakubwa wa usalama wa chakula waliomba watu waache kuosha kuku mbichi. Ndimu na siki nazo zinapunguza harufu, lakini tusizitegemee kuua vijidudu.

Kinachoua ni moto. OMS inashauri chakula kifike joto la digri 70 mpaka katikati. Sisi hatuna kipimo, lakini tuna macho. Kata kipande kikubwa kuliko vyote: ndani isibaki nyekundu, na maji ya kuku yatoke bila damu. Nyama yetu ya kuchemsha mpaka ilainike inafika hapo bila shida. Tuchunge mishikaki ya juu ya makala: inaungua nje, na ndani bado mbichi.

Basi, nyama ikiwa na mchanga tufanye nini? Haya ndiyo tuliyopatana:

Kwanza, weka mbali vitu vya kuliwa bila kupikwa, sahani, maji ya kunywa, na watoto.

Pili, toa vipande vya mfupa kwa mkono. Kisha tia nyama ndani ya maji yanayochemka, uache dakika chache, na umwage maji hayo ya kwanza. Mchanga unatoka bila matone ya nyama mbichi kuruka. Baada ya hapo endelea kuipika mpaka iive kabisa.

Tatu, ukiona ni lazima kuiosha, tumia beseni, geuza nyama polepole ndani ya maji, usiimwagie maji toka juu. Maji machafu yaende kwenye choo, si kwenye kiwanja ambapo watoto wanatambaa.

Nne, osha kisu, kibao na beseni kwa sabuni, na mikono vilevile, kabla ya kushika kitu kingine. Anayebeba bido la litri 20 toka kisimani anajua bei ya maji. Yale machache tuliyo nayo, tuyatumie kwanza kwa mikono.

Kuna nyama moja ambayo maji hayaisafishi, na kuipika pia hakutoshi: ile ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Mwezi wa Aprili 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa katika Hifadhi ya Virunga, upande wa ziwa Edouard, sababu ya kimeta. Ugonjwa huo unaua ng'ombe na mbuzi pia, na unamshika hata yule anayechuna ao kukata nyama. Hata wakikuuzia kwa bei ndogo, kataa.

Kwa mama kijana, tulimshauri asibishane. Amwite mama mkwe jikoni, achemshe nyama mbele yake, amwage maji ya kwanza, na mzee aone uchafu uliotoka. Mama mkwe anataka chakula safi kwa wajukuu wake. Mama kijana anataka hivyo hivyo. Wakikaa pamoja kando ya mbabula, watasikilizana kuliko kwa maneno.

Vikundi vingine, ongeeni habari hii katika mikutano yenu, na mtuambie ninyi mnafanya namna gani. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.